Daktari Nanyama na Viti Vilivyopeana Mgongo

Wasikilizaji wapendwa, saa nane imegonga na mimi nimekaa. Kama umemaliza kula, kaa na wewe. Kama bado, kaa tu, sufuria haina miguu ya kutoroka. Hapa ni Kevin, mtoto wa Myanga. Leo sina mzaha mwingi. Nimesema mwingi. Sijasema sina.

Leo tunamkumbuka Daktari Rosaline Nanyama, mhadhiri wa famasia. Alizaliwa Bumula. Akafundisha chuo kikuu hapa Kitale miaka ishirini na miwili. Ijumaa iliyopita tukamrudisha Bumula. Alikuwa na miaka sitini na moja.

Famasia, kwa wale waliotoka shule kupitia dirishani, ni masomo ya dawa. Mfamasia si yule wa kukudunga sindano. Mfamasia ni yule anayesimama katikati ya karatasi ya daktari na mdomo wako. Akikosea yeye, mdomo haujui. Unameza tu.

Na mimi na chuo kikuu tulikutana wapi? Swali zuri. Cheti changu ni cha kidato cha nne, na nikikikunjua kinajikunja tena chenyewe kwa aibu. Lakini nilikaa chuo kikuu miaka miwili. Nilikuwa mgonjwa. Mgonjwa wa kuigiza. Daktari Nanyama alitaka wanafunzi wake wazoee watu kabla hawajapewa watu, kwa hivyo akatukusanya: mama mmoja muuza mboga, mwalimu mmoja mstaafu, na mimi. Jumatatu nilikuwa na pumu. Jumatano nilikuwa na kisukari. Ijumaa moja nikapewa kisonono, na shangazi yangu akapata hiyo habari sokoni bila ile sehemu ya kuigiza.

Tuanzie Bumula, wasikilizaji.

Nyanya yake alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia. Ndani ya kopo, tembe zote za boma. Za nani, za lini, hakuna aliyejua. Nyanya alitoa dawa kwa rangi. Nyeupe ni ya kichwa. Nyekundu ni ya kifua. Ya njano ni ya mtu ambaye ugonjwa wake haujajulikana jina. Nanyama akiwa na miaka minane alimwaga lile kopo juu ya mkeka, akaanza kuzipanga. Mdogo wake, Hesbon, alikuwa kando. Hesbon akaona nyekundu mbili, akadhani ni peremende. Akalala mpaka kesho yake mchana.

Hesbon leo ni mkulima hapo hapo Bumula. Aliniambia hivi: "Mimi ndiye mgonjwa wake wa kwanza. Niliamka nikamkuta amekaa kando yangu ananihesabia pumzi. Hata hakunipiga."

Basi msichana huyo akasoma. Akasoma tena. Akaolewa na Jotham, mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye, ati, alikuwa akipiga simu anaanza kwa kuomba msamaha. Wakapata mtoto mmoja, Joy. Jotham akafariki Joy akiwa kidato cha pili. Joy akamaliza, akasomea unesi, akapata kazi Doha, akaenda.

Akabaki Nanyama. Nyumba ya vyumba viwili, njia ya kwenda Kapenguria. Meza moja, viti vinne, mtu mmoja. Majirani walijua yuko nyumbani wakisikia redio. Redio ikizimwa, ametoka. Kipindi hiki alikuwa anakisikiza. Nikikosea Kiswahili alikuwa ananitumia ujumbe. Ujumbe wenyewe hauna salamu. Ni neno nililokosea, halafu neno sahihi. Nilikuwa namwambia mtayarishaji wetu, huyu mama hana kazi. Nilikuwa nacheka.

Sasa sikizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo jambo lenyewe linaanza.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, chuo kiliingia kwa mpango wa kubadilishana walimu na chuo kimoja cha Ufini. Ufini ni nchi iko huko juu kabisa ya dunia, pale Mungu anapoweka nyama isiharibike. Mpango ulikuwa hivi: mwalimu wa Ufini anakuja Kitale kufundisha famasia, na mwalimu wa Kitale anaenda Ufini. Akachaguliwa Daktari Nanyama. Akaenda miezi minne.

Siku ya kwanza alipanda basi, akasalimu abiria wote. Si ndivyo tulivyolelewa? Abiria walikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyeitikia. Dereva akamwuliza kwa upole kama anahitaji msaada. Alimpigia Hesbon simu akamweleza kwamba huko watu wakingoja basi wanasimama mbali mbali kama miti ya mpaka wa shamba. Kwamba hata mbwa wa huko habweki bila sababu. Hesbon anasema dada yake alikuwa anapiga simu kila jioni, na alikuwa anauliza habari ya ng'ombe mmoja mmoja, kwa majina, kisha anauliza tena. Hesbon akajua. Mtu hawezi kupenda ng'ombe hivyo.

Lakini upweke wa basi si kitu. Kilichomuuma kilikuwa darasani. Alipewa kiti nyuma kabisa. Akapewa kadi ya kuvaa shingoni, imeandikwa kwamba yeye ni mgeni, mtazamaji. Miezi minne ya kutazama. Alisema maneno haya mara nyingi, mpaka wanafunzi wake wakayashika kichwani: "Wao walipokuja Kitale, siku ya pili tuliwapa chaki. Mimi nilikaa kwao miezi minne, sikushika hata kifutio. Hiyo ni kubadilishana gani?"

Hilo ndilo jambo alilotaka, wasikilizaji wapendwa. Nalirudia ili tusipotezane. Alitaka siku moja Kitale ifundishe Ufini. Saa moja tu. Asimame mbele, wao wakae.

Haikuwa kwamba alirudi mikono mitupu. Hapana, tuwe wakweli. Huko aliona kitu kizuri. Mfamasia wa Ufini hakupi dawa kama muuza njugu. Anakuangalia machoni, anakueleza, halafu anakuambia umrudishie kwa maneno yako mwenyewe vile utakavyoimeza. Usiporudisha sawa, huondoki. Nanyama akafikiria wanafunzi wake wa Kitale. Walijua dawa inavyoingia kwa figo. Hawakujua inavyoingia kwa mama wa Bumula mwenye haraka ya kurudi kukamua.

Basi akabadilisha masomo. Ndiyo maana nilipata kisonono. Amri za darasa zilikuwa mbili: macho kwa macho, halafu nirudishie. Mwanafunzi akiangalia meza wakati anaongea na mimi, anaanguka mtihani. Niliangusha wengi, na nilikuwa na macho ya kuvutia sana.

Mmoja ambaye hakuanguka ni Festus. Festus hakuwa kijana wa juzi. Alikuwa fundi wa maabara kabla ya kurudi shule, mume wa mtu, mke wake anaitwa Fridah, nyumbani kwao Fridah ni upande wa Bumula. Alikuwa bora darasani. Alinitazama machoni mpaka nikatubu dhambi ambazo hazikuwa kwa mtihani.

Mwaka wa tatu Festus akatumwa kufanya mazoezi ya kazi kwa duka la dawa la Mzee Gurmeet, mjini Bungoma. Siku moja Mzee Gurmeet ametoka kidogo kunywa chai. Festus yuko peke yake dirishani. Mbele yake watu saba wamepanga foleni. Akapokea karatasi ya daktari bila kuinua kichwa. Dawa ya viungo. Dawa hiyo, wasikilizaji, humezwa mara moja kwa wiki. Si kwa siku. Kwa wiki. Akainua kichwa.

Alikuwa mama mkwe wake. Mama Fridah.

Sasa nyinyi wa mbali mtauliza, basi kuna shida gani? Sisi Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, tunajua. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawashikani mkono. Hawakai karibu, hawapigi stori. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unakumbuka kwamba ulikuwa na haja ya njia ile. Ni heshima, na ni heshima ya kweli, si ya kuigiza. Festus akateremsha macho. Mama Fridah akavuta leso ikafunika nusu ya uso. Festus akaandika juu ya bahasha kwa Kiingereza kizuri kwamba ni moja kwa wiki. Akaisukuma kwa kidole kimoja. Akarudi nyuma ya kabati mpaka mama ameondoka.

Alipanga kumpigia Fridah simu ili amweleze mama yake. Foleni ikawa ndefu. Jioni ikafika, akasahau.

Mama Fridah hasomi Kiingereza. Anajua tu kwamba tembe humezwa kila siku, kama zile zote alizowahi kupewa. Akameza kila siku. Siku ya nane mdomo wake ulikuwa vidonda vitupu. Hata uji haukupita. Alilazwa wiki tatu. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini alipona kwa shida.

Chuoni kikaitwa kikao. Wakubwa walitaka Festus aende nyumbani mwaka mzima. Si ajabu, makosa yalikuwa yake. Daktari Nanyama akaomba kusema. Aliyekuwepo aliniambia hakupandisha sauti. Alisema: "Huyu hakuanguka. Nimeanguka mimi. Nilimletea somo la Ufini zima zima, kama mtumba ambao haujapimwa. Nilimfundisha kumtazama kila mtu machoni. Sikumfundisha kuongea na mtu asiyeruhusiwa kumtazama."

Festus hakufukuzwa.

Halafu mwalimu akafanya kitu ambacho maprofesa hawafanyi. Akaenda hospitalini kwa Mama Fridah, bila daftari, na maziwa lala kwa chupa. Akamwuliza: mama, Festus angefanyaje? Mama Fridah mdomo ulikuwa bado unamuuma, akajibu polepole: "Si angeongea akiangalia kabati? Macho ndiyo yana ukwe. Masikio hayana."

Macho ndiyo yana ukwe. Masikio hayana. Wasikilizaji, kuna watu wamepata shahada kwa maneno madogo kuliko hayo.

Wiki iliyofuata tulikuta darasani viti viwili vimepeana mgongo. Mgonjwa anakaa huku, mfamasia anakaa kule, kila mtu anaangalia ukuta wake. Wanaongea. Dawa inaelezwa. Mgonjwa anarudisha kwa maneno yake. Hakuna anayemtazama mwenzake. Mimi nikapangiwa kuwa mama mkwe. Nilivaa leso. Sitaki maswali.

Na ikawa ajabu. Watu walisema mambo. Si wakwe peke yao. Mwalimu mstaafu, ambaye aliletwa aigize maumivu ya mgongo, akauambia ukuta kwamba ana shida ya mkojo mwaka wa nne na hajamwambia hata mke wake. Hiyo haikuwa ya kuigiza. Daktari Nanyama akatutoa nje sote, akabaki naye.

Walimu wenzake walicheka hivyo viti. Wakaviita viti vya waliokosana. Mmoja alisema tungoje kidogo, kesho ataleta kitanda. Hakuna aliyevitumia darasani kwake. Kwa hivyo alifundisha nirudishie yake peke yake, akala chakula cha mchana peke yake, akarudi kwa redio yake. Na kila mwaka mwezi wa kumi alikuwa anaandika barua Ufini. Tuna kitu hapa. Nipeni saa moja niwafundishe. Kila mwaka alijibiwa vizuri sana: asante, unakaribishwa tena kuja kutazama. Alikataa kwenda kutazama. Barua tisa, wasikilizaji wapendwa. Tisa. Mimi nikituma ujumbe mmoja nisijibiwe, nabadilisha laini.

Hapo katikati Festus alimaliza masomo, akaajiriwa kama mwalimu msaidizi. Wakawa wawili kwa viti viwili. Lakini Festus ana mke na watoto, saa kumi na moja anaenda nyumbani. Nanyama saa kumi na moja alikuwa anapanga viti.

Mwaka jana, mwezi wa pili, akaja mwalimu kutoka Ufini. Jina lake Daktari Marjatta, mama wa makamo, mrefu, mkimya, anatabasamu kama anakopesha. Siku ya pili akapewa chaki, kama kawaida yetu. Alipomaliza, akauliza hivyo viti ni vya nini. Nanyama hakumweleza. Alimwambia tu akae.

Festus alikuwa mlangoni. Anasema kwanza Marjatta alicheka kidogo. Kisha akakaa. Nanyama, mgongo kwa mgongo naye, akamwuliza kama ana dawa yoyote anayomeza, na anaimezaje. Halafu yule mama akaanza kuongea na ukuta. Kwamba mama yake alifariki. Kwamba tangu siku hiyo anameza tembe za usingizi, na ameongeza zikawa mara mbili, na huko kwao hakuna aliyemwuliza. Ni profesa wa dawa. Nani atamwuliza?

Aliporudi Ufini, barua zikabadilika. Mwisho wa mwezi wa tatu mwaka huu ikaja moja fupi. Wiki mbili, mwezi wa tisa. Watu wawili, Nanyama na msaidizi wake. Si kutazama. Kufundisha.

Alimpigia Hesbon. Hesbon alikuwa shambani. Anasema dada yake hakumwuliza habari ya ng'ombe hata mmoja. Alisema, "Hesbon, nimepewa chaki." Akakata simu.

Kuna jambo moja lilikuwa linamsumbua. Alikuwa na presha, na miguu yake ilikuwa inavimba. Mwaka mzima alifundisha akiwa amekaa. Lakini baada ya hiyo barua, kufika mwezi wa tano, miguu ikapungua. Akaanza kuvaa viatu vyake vya zamani. Akaanza kusimama. Wote wakafurahi. Watu walisema, ona vile habari njema inavyotibu.

Mwezi wa tisa ulipofika, Festus alitangulia Ufini Jumanne kwenda kupanga darasa. Daktari Nanyama alikuwa amfuate Jumapili. Katikati hapo kuna Alhamisi. Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa na darasa Kitale, na hakufika. Wanafunzi walingoja dakika kumi tu. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kuchelewa, kwa hivyo dakika kumi zilitosha. Wakaenda kwake. Redio ilikuwa inaongea ndani. Wakajua yuko. Wakabisha. Redio ikaendelea kuongea.

Ilikuwa kiharusi. Alikuwa kwenye kiti. Sanduku lake la safari lilikuwa limefungwa, liko mlangoni.

Festus alipopata habari alitaka kurudi siku hiyo hiyo. Kwetu hukosi maziko ya mtu aliyekulea, na yeye alilelewa na Nanyama mara ya pili. Akampigia Hesbon kumwambia anatafuta ndege. Mazishi yalipangwa Ijumaa iliyofuata. Darasa la Ufini lilikuwa Ijumaa hiyo hiyo. Hesbon akamwambia: "Festus, hapa majembe ni mengi kuliko udongo. Huko hakuna mtu ila wewe. Ukirudi, tutakuwa tumemzika mara mbili."

Festus akabaki.

Joy akafika kutoka Doha. Alipokuwa anatafuta kitambulisho cha mama yake kwa droo, akakuta pakiti za dawa ya presha. Zimefungwa. Mwezi wa nne. Mwezi wa tano. Wa sita, wa saba, wa nane. Pakiti tano, hakuna iliyofunguliwa.

Zile tembe ndizo zilikuwa zinamvimbisha miguu. Yeye alijua. Ni dawa, alikuwa anaifundisha. Alijua pia kwamba zipo nyingine angebadilishiwa. Lakini kubadilisha ni kungoja, ni kupimwa upya, ni daktari kumwambia asipande ndege kwanza. Na yeye alikuwa amekaa nyuma tayari. Alitaka asimame.

Joy aliniomba niseme hili, kwa hivyo nalisema kama alivyolisema: "Kila Jumapili tuliongea. Aliniambia miguu imepona. Mimi ni nesi. Sikumwuliza imeponaje. Nilifurahi tu."

Na hizo pakiti zilitoka wapi kama alikuwa hazimezi? Zilitoka kwa Avneet. Avneet ni binti ya Mzee Gurmeet, yule wa Bungoma. Ana duka lake la dawa hapa Kitale, na anaongea Kibukusu kuliko mimi, jambo ambalo mama yangu hunikumbusha bila kuombwa. Avneet alisomeshwa na Daktari Nanyama. Kila mwezi mwalimu alikuwa anakuja, anachukua dawa, anakaa kwa kiti cha wateja robo saa. Anauliza magoti ya Mzee Gurmeet yanaendeleaje. Anakunywa maji. Anaaga. Miezi mitano akachukua dawa ambayo hakuwa anaimeza. Fikirieni kidogo. Hakuwa anaenda kwa dawa. Alikuwa anaenda kusalimiwa.

Avneet anauliza kila mgonjwa. Mimi shahidi, amewahi kunizuia mlangoni kwa tembe za minyoo mpaka nimrudishie. Lakini huyu mmoja hakumwuliza. Aliniambia akiwa ameshika kona ya meza: "Ningemwulizaje, Kevin? Ni yeye aliyenifundisha kuuliza. Nilikuwa natazama chini, nampa bahasha kwa mikono miwili."

Mikono miwili, wasikilizaji. Macho chini. Bahasha inasukumwa. Mmeshawahi kusikia hiyo hadithi leo.

Ijumaa iliyopita, Bumula. Mvua ilikuwa imetishia ikabadili nia. Mama Fridah alikuja, ana miaka themanini sasa. Anameza dawa yake ya viungo kila Jumatatu, na aliniambia hivyo kabla sijamsalimu. Wanafunzi walikuja kwa mabasi mawili. Wale walimu waliocheka viti walikuja pia. Saa tano mwili ulikuwa unateremshwa.

Miezi hii saa za Ufini ni sawa na zetu. Saa tano yetu ni saa tano yao. Nilimpigia Festus baadaye akanieleza.

Anasema alikuta juu ya meza ya mwalimu kadi imechapishwa, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Jina: Daktari Rosaline Nanyama. Chini yake: mwalimu. Akawaambia waiache hapo hapo. Akaweka viti viwili, mgongo kwa mgongo. Wanafunzi arobaini. Akawaeleza habari ya mama mkwe. Akawaeleza kuhusu macho na masikio. Halafu akawaeleza habari ya zile pakiti tano, kwa sababu Joy alikuwa amempigia usiku wa kuamkia siku hiyo. Akawaambia mwalimu aliyepaswa kusimama hapa anazikwa dakika hii, na alikufa kwa kukosa swali moja ambalo wanafunzi wake wote walilijua. Akauliza, ni nani hapa amewahi kumwuliza mwalimu wake?

Kimya. Mnajua Wafini. Hata kimya chao kina kimya kingine chini yake.

Daktari Marjatta alikuwa amekaa nyuma. Nyuma kabisa, kile kiti cha watazamaji. Akatoka, akaja mbele, akakaa kwa kiti kimoja, akaangalia ukuta. Kiti kingine kikabaki kitupu. Festus anasema alihesabu mpaka ishirini. Halafu msichana mmoja akainuka, uso mwekundu, akakaa kwa kile kiti kingine. Akauliza kitu kwa lugha yao. Festus hakuelewa hata neno. Lakini alisikia Marjatta akijibu, na jibu likawa refu, refu sana, na kwa mwisho wake yule msichana akasema neno moja fupi, na profesa wake akaanza kurudisha.

Basi. Kitale ilifundisha Ufini. Ilichukua miaka kumi na miwili, na mwenyewe hakuwepo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Joy, kwa Mzee Hesbon, na kwa ukoo wote wa Bumula. Pole kwa Festus, ambaye yuko mbali na hana wa kulia naye isipokuwa watu wanaoona haya kulia. Pole kwa Avneet. Avneet, kama unasikiza, mama yangu anasema uje Myanga, amepika, na usije na kipimo cha presha. Kisha akasema, basi, njoo nacho. Mungu ampumzishe Daktari Rosaline Nanyama, mahali ambapo ukisalimu basi zima, basi zima linaitikia.

Mimi si daktari. Sitawaambia mmeze nini wala muache nini. Nina hili moja. Miaka miwili niliigiza ugonjwa mbele ya yule mama. Pumu, kisukari, yote. Aliniuliza maswali pengine elfu. Vile nilivyofikiri, mgonjwa alikuwa mimi na mzima ni yeye. Wiki iliyopita nilitazama simu yangu. Ujumbe wake wa mwisho ni wa mwezi wa saba, neno nililokosea na neno sahihi. Chini yake sikuwa nimejibu. Sikujibu hata mmoja, miaka yote hiyo. Sikumwuliza hata u hali gani.

Kuna mtu kama huyo kwenu. Ni mwalimu, ni mchungaji, ni mama mkwe, ni yule dada mkubwa anayejua kila kitu. Mnamheshimu mpaka hamumwulizi. Leo kabla jua halijatua, nenda. Mwulize dawa yake anaimezaje, na akurudishie.

Na ukiona haya kumtazama, geuza kiti.